Mgeni, mteja au mpangaji: njia tatu za kulala katika jumba la kale la mashambani Uingereza

Mbwa ndio waliotupokea. Walikuwa watatu, weusi, wenye matope hadi tumboni, wakalizunguka gari kabla hatujafungua mlango. Nyuma yao akaja mama mmoja wa makamo aliyevaa mabuti ya mpira, akatuomba radhi: mlango mkubwa wa mbele umevimba kwa mvua, haufunguki, basi tupite jikoni. Tukapita jikoni na masanduku yetu, tukapanda ngazi za mbao zilizolia kila hatua chini ya picha za marehemu wa ukoo wake, tukaonyeshwa chumba. Niliomba ufunguo. Akacheka. Ufunguo wa chumba kile ulipotea zamani za babu yake.

Hiyo ndiyo B&B ya jumba la kale: unalala, asubuhi unapewa kifungua kinywa, na mwenye nyumba analala chini ya paa hilohilo. Mwaka uliofuata tulikwenda hoteli iliyo ndani ya jumba la aina hiyo, na safari nyingine tukakodi nyumba nzima pamoja na jamaa. Picha za zote tatu kwenye intaneti zilifanana: nyasi zilizonyolewa vizuri, mti mkubwa, mwanga wa jioni juu ya mawe. Yaliyotukuta hayakufanana. Kwenye B&B wewe ni mgeni wa mtu. Hotelini wewe ni mteja. Ukikodi, wewe ni mpangaji wa siku tatu. Wengi ninaowasikia wakirudi na manung'uniko walilipia kimoja huku moyoni wakitarajia kingine.

Kwa nini milango hii ilifunguliwa

Mtu mwenye nyumba ya vyumba thelathini amkaribishe asiyemjua alale kwenye kitanda cha shangazi yake, kwa nini? Jibu liko juu, kwenye paa. Majumba haya yalijengwa na kutunzwa kwa kodi ya pango iliyolipwa na wakulima wa mashamba yaliyoyazunguka. Kuanzia miaka ya 1870 nafaka ya bei rahisi kutoka Marekani ilifurika sokoni, bei ikaporomoka, na mapato ya mashamba yakaporomoka nayo. Mwaka 1894 serikali ikaleta kodi mpya ya mirathi. Kiwango chake cha juu kilikuwa asilimia 8. Kufikia 1949 kilikuwa asilimia 80 kwa mali kubwa kabisa. Vita kuu mbili zikachukua warithi na watumishi, na jeshi likachukua majumba mengi kuwa makambi na hospitali. Makumbusho ya Victoria and Albert ya London yalipofanya maonyesho ya majumba yaliyobomolewa, mwaka 1974, orodha ilipita elfu moja.

Yaliyosalia yalitafuta njia za kuishi. Mengine yalikabidhiwa National Trust, taasisi ya kuhifadhi urithi iliyoanzishwa mwaka 1895, na baadhi ya hayo leo ni hoteli. Cliveden, jumba la familia ya Astor juu ya mto Thames, lilikabidhiwa mwaka 1942, na ni pale kwenye bwawa la kuogelea ambapo mwaka 1961 waziri John Profumo alikutana na Christine Keeler, msichana aliyekuja kuwa hawara yake, kashfa iliyokuja kuitikisa serikali. Hartwell House, karibu na Aylesbury, ndiko Louis XVIII wa Ufaransa alikoishi uhamishoni kuanzia 1809 hadi 1814 akisubiri Napoleon aanguke. Nalo ni hoteli, na mwaka 2008 lilikabidhiwa National Trust pamoja na Middlethorpe Hall ya York na Bodysgallen Hall ya Wales.

Njia nyingine ni ya Landmark Trust, iliyoanzishwa mwaka 1965 na John Smith na mkewe Christian. Wao huokoa majengo ambayo hakuna mwingine anayeyataka (minara, nyumba za lango, ngome, hata vibanda vya bustanini), huyakarabati, kisha huyakodisha kwa siku chache chache. Sasa wana majengo kama 200. National Trust nayo hukodisha nyumba ndogo zilizomo ndani ya mashamba yake.

Na kuna familia zilizokataa kuondoka. Zikafunga upande mmoja wa jumba, zikahamia upande wenye joto, zikatenga vyumba vitatu au vinne kwa wageni. Hao ndio wenyeji wa B&B. Pauni unazowalipa zinaishia kwenye vigae na mifereji ya mvua, na watakuambia hivyo wenyewe bila kuulizwa.

Kuishi na mwenyeji

Hapa ndipo pa kufikiria kwanza, kabla ya bei.

Kwenye B&B huna mapokezi. Unatakiwa useme utafika saa ngapi, kwa sababu kuna mtu ameacha kazi zake akusubiri. Ukichelewa saa mbili bila kupiga simu umemkosea, kama ambavyo ungemkosea mjomba. Utaulizwa unatoka wapi, unafanya nini, watoto wangapi. Sebule unayokaa jioni ni sebule yake. Picha za harusi mezani ni za binti yake. Nyumba nyingine hutoa chakula cha jioni kwa wanaoagiza mapema, na mara kadhaa mwenyeji mwenyewe huketi nanyi meza moja. Kuna umoja wa nyumba za namna hii unaoitwa Wolsey Lodges, uliochukua jina la Kardinali Thomas Wolsey wa karne ya 16, aliyesafiri nchi nzima akitarajia kupokewa vizuri katika nyumba za watu.

Mimi napenda hayo. Mke wangu alichoka usiku wa kwanza. "Nimekuja kupumzika," alisema tulipofunga mlango usio na ufunguo, "siyo kujibu maswali." Wote wawili tulikuwa sahihi, na hakuna tovuti iliyotuonya. Waswahili walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kwenye B&B nimeona kipimo hicho ni sahihi kabisa. Usiku mbili ni tamu. Wa tatu hadithi zimekwisha, na unaanza kupita kwenye korido kwa kunyata ili usimsumbue mtu.

Hotelini unapewa kadi au ufunguo mzito wa shaba, unapotea chumbani, na hakuna atakayeuliza ulikuwa wapi. Unapiga simu, chai inaletwa. Hasara yake ni kwamba jumba linaweza kugeuka pazia la nyuma tu: wahudumu wachanga wanaobadilika kila msimu, ambao ukiwauliza picha ile ukutani ni ya nani wanakwenda kutafuta kipeperushi. Hoteli nyingi pia zimeongeza jengo jipya nyuma, au zimegeuza zizi la farasi kuwa vyumba. Wengi hulipia jumba la mwaka 1700 wakaenda kulala kwenye jengo la mwaka 1990. Ukiweka nafasi, uliza chumba chako kiko ndani ya jumba lenyewe au la. Wakijibu kwa kuzungukazunguka, umeshapata jibu.

Ukikodi nyumba nzima, mtunza nyumba anakuonyesha swichi na pipa la taka, kisha anaondoka. Kuanzia hapo jumba ni lenu. Mnaweza kuimba, kupika usiku wa manane, kukaa na mavazi ya kulala hadi mchana. Hakuna wa kuwaeleza chochote, lakini pia hakuna wa kumwita taa ikizimika saa nne usiku. Kwenye nyumba za Landmark Trust, kwa desturi, hakuna televisheni wala intaneti. Kuna rafu ya vitabu, kitabu cha historia ya jengo lenyewe, na daftari ambamo wageni waliotangulia wameandika kila kitu, kuanzia njia nzuri ya kutembea hadi namna ya kulibembeleza jiko la kuni. Daftari lile ndilo nililosoma zaidi kuliko kitu chochote katika safari ile.

Asubuhi mezani

Kifungua kinywa ndicho fahari ya B&B, na kwa msomaji Mwislamu ndicho cha kuuliza mapema kuliko vyote. Sahani ya Kiingereza kamili ni mayai, soseji, bekoni, uyoga, nyanya, maharage ya mchuzi na mkate. Soseji kwa kawaida ni ya nguruwe. Bekoni ni ya nguruwe. Ile duara nyeusi iliyokaa pembeni ni soseji ya damu, nayo mara nyingi ni damu ya nguruwe. Mkate wa kukaanga unaweza kuwa umekaangwa kwenye mafuta ya bekoni, na mayai vilevile. Kwa hiyo kusema tu "msiniwekee soseji" hakutoshi. Sema unataka mayai yapikwe kwa kikaango tofauti na mafuta ya mimea au siagi.

Usione haya kuuliza. Sheria za huko zinamtaka anayeuza chakula aweze kukuambia kama ndani yake kuna chochote kati ya vitu 14 vinavyojulikana kuwadhuru baadhi ya watu, kama karanga, maziwa, mayai na samaki, hivyo wenyeji wamezoea kuhojiwa kuhusu sahani zao. Mwenyeji wetu, alipoambiwa siku mbili kabla, alitupikia samaki wa kukaushwa kwa moshi pamoja na mayai, akaleta asali ya mizinga yake na jamu ya matunda ya bustani ileile tuliyoiona dirishani. Sijala kifungua kinywa kama kile hotelini, na hotelini tulilipa zaidi ya mara mbili.

Ila kina saa yake. Saa mbili hadi saa tatu na nusu, basi. Na meza inaweza kuwa moja kwa wageni wote, ambapo utakaa uso kwa uso na watu usiowajua kabla hujanywa chai. Hotelini una meza yako, orodha ya vyakula, na jiko kubwa linaloweza kukubadilishia sahani bila mjadala. Jioni kuna chakula cha hatua tatu au zaidi, na katika hoteli kadhaa wanatarajia uvae nadhifu: suruali ya jinzi na raba zitakufanya ujisikie umekosea mlango hata kama hakuna atakayesema neno.

Hoteli ina kitu kimoja cha kuisifu, nacho ni chai ya saa kumi alasiri, kwenye vikombe vyembamba mbele ya moto, na skonzi. Jina limesafiri likabadilika njiani. Skonzi yao si ule mkate laini wa duara tunaoujua sisi. Ni kitu kizito, kinachomeguka, kinachopakwa krimu nzito na jamu, na kuna ugomvi wa kudumu kati ya watu wa Devon na wa Cornwall juu ya kipi kitangulie kupakwa. Mgeni mwenye busara hapo hutafuna tu.

Kwenye nyumba ya kukodi unapika mwenyewe. Kwa familia inayotaka nyama ya halali, hii ndiyo raha: unanunua mjini kabla ya kutoka, unajaza friji, umemaliza. Lakini nunueni mjini kweli. Kijiji kinaweza kuwa na duka moja linalofungwa jioni mapema, au kisiwe na duka kabisa.

Baridi, maji, ngazi na mbwa

Nyumba nyingi za aina hii zimeorodheshwa kisheria. Katika England kuna madaraja matatu, la juu kabisa likiwa daraja la I, kisha II lenye nyota, kisha II. Mwenye nyumba hawezi kubadilisha madirisha, kutoboa ukuta au kuweka lifti bila kibali cha halmashauri, na kufanya hivyo kimyakimya ni kosa la jinai. Ndiyo maana madirisha yanapitisha upepo, sakafu imeinama, na chumba cha tatu juu hakina njia ya kufika isipokuwa ngazi. Kama unasafiri na mzazi mwenye magoti mabovu, uliza juu ya chumba cha chini kabla hujauliza bei. Hoteli zina nafasi zaidi ya kukusaidia hapa. Hata lile jengo jipya nililolisema vibaya linaweza kuwa ndilo lenye chumba kisicho na ngazi.

Baridi ni jambo la kweli, hata mwezi wa tano. Mwenyeji wa B&B alikulia kwenye baridi hiyo, haioni. Huwasha mitambo ya joto jioni saa chache na asubuhi saa chache, kwa kuwa kulipasha jumba zima kunagharimu fedha nyingi. Tulipewa chupa ya mpira ya maji ya moto ya kuweka kitandani na nikadhani ni utani. Usiku wa manane nilikuwa nimeikumbatia. Hoteli huwa na joto. Nyumba ya kukodi inategemea: nyingine zina mitambo ya kisasa, nyingine zinategemea jiko la kuni na bidii yenu. Bebeni soksi nene na viatu vya kuvaa ndani, maana sakafu za mawe hazina huruma.

Choo na bafu: usidhani viko ndani ya chumba. Kwenye B&B tangazo linaweza kusema bafu ni "la faragha", na maana yake ni kwamba ni lako peke yako lakini liko upande wa pili wa korido, na utalifuata kwa gauni la kulala. Mara nyingine ni hodhi la kuogea tu, bila bomba la mvua, na sinki lenye bomba mbili zilizotengana, moja ya moto wa kuchoma na nyingine ya baridi ya kuganda. Pembeni ya choo hakuna bomba la kunawia, kwenye aina zote tatu. Wazoefu husafiri na chupa yao.

Nirudi kwa mbwa. Katika nyumba hizi mbwa si mlinzi anayefungwa nje. Ni mwanafamilia, analala mbele ya moto na anakuja kukunusa mezani. Wenyeji hawafikirii kulitaja hilo, kama wewe usivyofikiria kumtajia mgeni kwamba una kuku. Anayeogopa mbwa, au anayetaka mavazi na mahali pake pa kuswalia pasiguswe na mate ya mbwa, aandike mapema na aseme waziwazi. Wengi watawafungia upande mwingine bila kukasirika. Hotelini mbwa wapo pia siku hizi, lakini ni wa wageni wengine, na mara nyingi hawaruhusiwi chumba cha kulia. Ukikodi, mbwa aliyelala pale wiki iliyopita ameacha manyoya tu.

Watoto nitawapitia haraka. B&B nyingi za majumba haya hazipokei watoto wadogo, nyingine wote walio chini ya miaka 12, kwa sababu ya vyombo vya kale na madimbwi ya bustanini. Hoteli kadhaa nazo zina umri wa chini. Mwenye watoto wadogo akodi, wala asijitese kutafuta kingine.

Hesabu

Bei hubadilika kwa msimu na kwa siku ya wiki, kwa hiyo nitatumia mfano wa kubuni kuonyesha tu mahali mtego ulipo. Tuseme chumba cha watu wawili kwenye B&B ni pauni 140 kwa usiku, na cha hoteli ni pauni 320. Watu hulinganisha namba hizo mbili wakaishia hapo. Lakini hotelini utakula chakula cha jioni palepale, kwa kuwa hakuna pengine karibu. Tuseme pauni 75 kila mtu bila vinywaji, halafu bili ikaongezewa asilimia kadhaa za huduma. Usiku mmoja umepita pauni 470 na bado hujanywa hata maji ya chupa. Kwenye B&B utakwenda kula baa ya kijijini kwa sehemu ndogo ya fedha hizo, kama ipo na kama jikoni kwao hakujafungwa; Jumapili na Jumatatu jioni hufungwa sana. Kuhusu bahashishi: mwenye B&B hapewi. Ni mwenye nyumba, atababaika. Andika maneno mazuri kwenye kitabu cha wageni.

Nyumba ya kukodi hutisha kwa sababu bei inatajwa yote kwa pamoja na kwa usiku tatu au nne, siyo mmoja. Tuseme pauni 1,200 kwa usiku tatu. Ukiwa na mwenzako tu, ni ghali kuliko hoteli ya kawaida. Mkiwa wanane ni pauni 50 kwa kichwa kwa usiku, na hapo hakuna B&B ya jumba la kale itakayoshindana. Kasoro ni kwamba mmoja wenu lazima alipe mapema na kuwafuatilia wengine, na kila kundi lina yule anayejitoa wiki ya mwisho. Chukueni michango kabla ya kuweka nafasi.

Msafiri wa peke yake ndiye anayeonewa kila mahali. Chumba kinauzwa kama chumba, na punguzo la mtu mmoja ni dogo au halipo. Hata hivyo kwake B&B ndiyo njia bora, kwa sababu ndiyo pekee inayompa mtu wa kuzungumza naye.

Novemba hadi Machi bei hushuka, lakini B&B nyingine hufunga kabisa, na Desemba jua huzama kabla hata ya saa kumi na moja jioni. Juni mwanga unakaa hadi karibu saa nne usiku. Nikichagua mimi ni Septemba.

Kufika

Hakuna njia yoyote kati ya hizi tatu inayofaa kwa asiye na gari, isipokuwa hoteli chache zilizo karibu na mji. Treni itakufikisha mji mdogo. Kutoka hapo ni teksi iliyoagizwa jana yake. Habari njema ni kwamba mgeni anaweza kuendesha kwa leseni halali ya kwao hadi miezi 12, na gari linapita kushoto kama kwetu. Habari mbaya ni barabara za mashambani: zina upana wa gari moja na nusu, ua wa miti pande zote mbili, na trekta inakuja. Msimbo wa posta usiuamini, kwa sababu kijijini mmoja unaweza kufunika mashamba kadhaa, na ramani ya simu itakupeleka kwenye geti la ng'ombe. Mwombe mwenyeji maelezo ya njia kwa maandishi na ufike kabla ya giza.

Swali la fedha za nani

Kuna jambo ambalo Mwafrika akilala chini ya dari zile zenye nakshi za plasta atajiuliza tu, hata asipolisema: fedha hizi zilitoka wapi? Mara nyingi kwenye mashamba ya hapohapo. Mara nyingine kwenye sukari ya visiwa vya Karibi na migongo ya waliouzwa. Mwaka 2020 National Trust yenyewe ilitoa ripoti iliyotaja maeneo yake 93 yenye uhusiano na utumwa na ukoloni, na kelele zilizofuata magazetini zilionyesha kidonda bado kibichi. Utumwa ulipokomeshwa kwa sheria ya mwaka 1833, serikali ilitenga pauni milioni 20 za fidia. Walipewa wenye watumwa.

Hapo njia hizi tatu zinatofautiana kwa namna ambayo sikuitegemea. Hotelini historia huwa imepigwa pasi: malkia alilala hapa, mshairi aliandika pale. Kwenye B&B unamuuliza mjukuu wa mwenye mali uso kwa uso, na jibu linategemea moyo wake. Mwenyeji wetu alinyamaza kidogo, akaenda kabatini, akatoa daftari la hesabu la karne ya 18 lililoandikwa majina ya kwanza tu, bila ya ukoo, yakiwa na bei pembeni. Tulilitazama wote wawili tumesimama. Jamaa yangu mwingine aliuliza swali hilohilo kwenye nyumba nyingine akaambiwa chai imepoa.

Nyumba za kukodi hukuachia vitabu usome mwenyewe. Mfano ninaoupenda ni Pineapple ya Dunmore, huko Uskoti: nyumba ya bustanini ya mwaka 1761 yenye nanasi kubwa la mawe lililochongwa juu yake, jani kwa jani. Ni mali ya National Trust for Scotland, na Landmark Trust huikodisha kwa watu wanne. Wakati ule nanasi lilikuwa alama ya utajiri, kwa kuwa kulikuza kwenye baridi ile kulihitaji nyumba ya vioo na moto usiozimwa. Mwenye nyumba alikuwa John Murray, Earl (cheo cha kikabaila) wa Dunmore, aliyekuwa gavana wa mwisho wa Virginia, huko Marekani, chini ya Waingereza. Novemba 1775, vita vya uhuru wa Marekani vikiwa vimeanza, alitangaza kwamba watumwa wa waasi watakaojiunga na jeshi la mfalme watakuwa huru. Yeye mwenyewe alikuwa na watumwa. Mtu anaweza kukaa chini ya tunda lile usiku tatu akitafakari hilo, na hakuna mhudumu atakayekuja kuuliza kama kila kitu kiko sawa.

Ningempeleka nani wapi

Wanandoa wapya waliochoka na wageni wa harusi: hoteli, chumba ndani ya jumba lenyewe, usiku mmoja tu, na wale chakula cha jioni. Mzazi mzee: hoteli pia, baada ya kuuliza juu ya ngazi. Ndugu na watoto wao, au marafiki wa zamani wanaotaka kukesha: kukodi, bila mjadala, mradi magari yatoshe. Mtu wa maswali, anayependa kusikia nyumba ikisimuliwa na aliyezaliwa ndani yake, na asiyejali bafu la ng'ambo ya korido: B&B, usiku mbili.

Ukishachagua B&B, usimalizie kwenye tovuti za kuweka nafasi. Piga simu. Uliza bafu liko wapi, mitambo ya joto huwashwa saa ngapi, kikaango cha mayai, chakula cha jioni kinapatikana wapi kwa miguu, na mbwa ni wangapi. Sikiliza anavyojibu. Aliyetupokea kwa mlango wa jikoni alizungumza nasi kwenye simu karibu nusu saa, na kabla ya kukata alituuliza kama tunapenda asali.